Pakiti ya Nane

Simu yangu ilitetema ndani ya mkoba katikati ya rozari. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai kwenye matanga ya Papa Muhindo, uani kwa binti yake mkubwa hapa Goma, nami nikachungulia nikidhani kuna mtu ananitafuta. Kumbe simu ilikuwa inanijulisha kwamba imejisasisha yenyewe, programu kumi na mbili kwa mpigo, na hakuna ninachotakiwa kufanya. Nilikasirika kupita kiasi. Papa Muhindo, ambaye tulikuwa tumemzika asubuhi ile, aliniajiri nikiwa na miaka ishirini na miwili katika secrétariat yake ya Masisi-centre, pale tulipochapa na kunakili karatasi za watu, na katika mwaka ninaousimulia hapa hakuna programu hata moja iliyoingia kwenye kompyuta zake bila mtu kuibeba, mwingine kuisubiri, na wote wawili kuihangaikia. Nikazima simu, nikainua kichwa ili nirudi kwenye Salamu Maria, na upande wa pili wa turubai nikamwona Bonane, fundi wetu wa kompyuta wa mwaka ule.

Alikuwa amenenepa na ndevu zimeingia mvi, lakini bado alikuwa na ule mtindo wa kuinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza injini. Sala zilipokwisha alikuja na kiti chake akakiweka karibu na changu. “Sifa,” alisema. “We njo ule ule,” yaani sijabadilika. Nikamwambia yeye hapana, na hiyo tumbo aliitoa wapi. Akacheka. Tukazungumza habari za marehemu, za barabara, za watoto, za nani bado yuko Masisi na nani amekimbia. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, akasema, “Ule mwaka nilikuuliza kitu moya, ukanipigia musalaba. Sikukasirika, ujue.” Nikamwuliza msalaba gani, aliniuliza nini. “Barua, Sifa. Ile ya mu flash. Pakiti ya munane.” Hapo ndipo nilipojua, miaka mingi baada ya kulitenda jambo lenyewe, kwamba Bonane alikuwa ameniandikia barua ya kuniomba nikubali anioe, na kwamba mimi niliifuta bila kuisoma, kisha nikamrudishia jibu. Tangu siku ile sina raha. Nafanya kazi zangu, napika, nacheka na wajukuu wa jirani, lakini kichwani niko Masisi, natafuta mahali pa kusimamisha ule mwaka.

Secrétariat ilikuwa chumba cha mbao kilichoegemezwa kwenye duka. Upande wa duka kulikuwa na mabati, misumari, sabuni na vitenge. Upande wangu kulikuwa na kompyuta tatu, printa mbili, na dirisha moja lililotazama barabara ya Nyabiondo. Mbao zile hazikuzuia neno lolote. Papa Muhindo alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, na saa sita alifunga nusu ya mlango akasali, na madereva waliokuwa na haraka walijifunza kuitikia Amina kwa sauti kubwa ili awahudumie upesi. Jenereta iliwashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na mbili jioni. Ndani ya saa hizo nne karatasi zote za Masisi zilipita mikononi mwangu: vyeti vya ubatizo, attestation za chifu za kuthibitisha mtu, bulletin za alama za shule, mialiko ya harusi. Mashine zote tatu zilikuwa na Windows iliyotoka kwenye CD moja ambayo Papa Muhindo aliinunua Kampala na kuiandika kwa marker “YA MAANA”. Kuiweka hakukuwa kazi. Unaingiza CD, unabofya Suivant, Suivant, Terminer. Papa Muhindo mwenyewe aliweza, kwa kidole kimoja, huku anatafuna hindi la kuchoma. Kuisasisha ndiyo ilikuwa haramu. Aliamini kwamba siku mashine itakapopata mtandao na kuomba mise à jour, wenye Windows huko waliko wataiona ni ya kunakiliwa na kuifanya skrini nyeusi. Kwa hiyo mashine zetu zilibaki kama zilivyozaliwa, na kila virusi aliyepita barabarani alizikuta mlango wazi.

Virusi walikuja ndani ya flash, vile vijiti vya kubebea mafaili. Flash ya Masisi siku zile ilikuwa haikai kwa mtu mmoja. Ilipita kwa mwalimu, kwa katekista, kwa kijana wa kuuza muziki, na ilipofika kwangu mafaili yote yamegeuka vivuli visivyofunguka. Ndiyo maana Papa Muhindo aliweka sheria ya kuosha. Unatoa faili analolitaka mteja, kisha unafomati flash nzima, unamrudishia ikiwa safi. Wateja walizoea hadi wao wenyewe wakadai. “Dada, toa ile ya attestation, kiisha uioshe,” walisema, wakinyoosha flash iliyofungwa kamba ya kiatu. Nilikuwa naosha flash ishirini kwa siku bila hata kutazama ninachokiosha, na nilijivunia kwamba hakuna aliyetoka kwangu na ugonjwa.

Hata hivyo, mwezi wa kwanza wa mwaka ule mashine mbili zilikufa siku moja. Papa Muhindo akatuma watu Kingi, kijiji cha jirani, kumwita kijana aliyesikia amesomea informatique, mambo ya kompyuta, huko Goma. Bonane alikuja na mfuko wa viazi, zawadi ya mama yake, na diski moja ndani ya plastiki ya mkate. “Hii inaitwa Linux,” alisema. “Virusi ya flash haiiwezi. Na haina mwenyewe, kila muntu anaweza kuitumikisha.” Kutoka ng'ambo ya mbao Papa Muhindo akauliza, “Kitu haina mwenyewe, unaiingiza ndani ya nyumba yangu namna gani?” Bonane akacheka, akaiingiza. Ile mashine ya tatu tuliiacha na Windows yake kwa ajili ya kazi za wateja.

Alikaa nasi majuma matatu, maana kuiweka ilikuwa saa moja lakini kunifundisha mimi ilikuwa kazi nyingine. Mchana Mama Muhindo alituletea bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi, na Ijumaa viazi vya kuchemsha na jibini ya Masisi; tulitandika karatasi zilizoharibika kwenye meza ya printa tukala hapo hapo, na Bonane alinikatia ganda la jibini kwa sababu siku ya kwanza aliniona nikilipenda. Sikumwambia kamwe kwamba nililiona hilo. Nilimpenda. Leo naandika neno hilo bila taabu. Wakati ule nilijitia hamnazo, nikawa namwuliza maswali ya kompyuta ambayo majibu yake nilikuwa nayo tayari. Alinieleza kwamba kule Goma, penye mtandao, Linux ndiyo rahisi kuliko zote: unaandika mstari mmoja, na programu inajiita yenyewe pamoja na vyote inavyovihitaji, na kesho unaandika mstari mwingine na kila kitu kinasasishwa. “Lakini huku?” nikamwuliza. Akatazama dirishani, ng'ombe walikuwa wanapita. “Huku tutaona.” Na alinifundisha jambo moja ambalo ningelishika, leo ningekuwa mtu mwingine. “Machine ikikuambia kitu ni mubaya, usiamini mbio. Fungua na éditeur, uangalie tumbo yake.” Tukafungua wimbo kwa njia hiyo, ndani ya ile programu ya kuandikia maandishi, ukatoka mlolongo wa alama za kichaa, tukacheka mpaka Papa Muhindo akagonga mbao.

Mwezi wa pili alipata kazi Walikale. Kulikuwa na shirika lenye antena kubwa ya mtandao, wakahitaji mtu wa kutunza kompyuta zao. Kwenye ramani Walikale haiko mbali na Masisi. Kwa barabara ni safari ya siku mbili au tatu, kutegemea madaraja na mambo mengine. Aliyeifanya safari hiyo kila juma alikuwa motari mmoja, dereva wa pikipiki, Kaka Janvier, aliyepakia watu, dawa na nyama ya kukaushwa, na ambaye hakuwahi kufunga mdomo wake kuanzia Walikale hadi Masisi. Basi tukaanza. Nilitaka programu ya kupanga mialiko ya harusi, maana ile ya zamani ilikufa na Windows. Nikaiandika kwenye karatasi, nikafunga karatasi na flash kwa mpira, nikampa Janvier. Juma lililofuata flash ikarudi na programu ndani. Nikaibofya. Mashine ikasema inakosa pakiti nne, yaani vipande vya programu ambavyo bila hivyo haifunguki. Nikaziandika zile nne. Zilipofika, mbili kati yake zikasema nazo zinakosa nyingine. Ni kama kumwalika mtu mmoja harusini akakwambia haji bila mjomba wake, na mjomba naye haji bila jirani. Programu moja, kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita!

Tulikuwa na utaratibu wetu. Karatasi ile ile ilikwenda na kurudi. Mbele ya jina la kila pakiti iliyoingia niliweka alama ya vizuri, ule mstari mdogo wa mwalimu kwenye jibu sahihi. Mbele ya iliyokataa niliweka msalaba, maana yake imeharibika, usiitume tena. Pembeni Bonane aliongeza neno. “Huku mvua tu.” “Sombe ya huku haifikie ya Mama Muhindo.” “Jana nilikosa usingizi bila sababu.” Karatasi zilifika na tope, na harufu ya petroli na moshi, na niliyasoma maneno yale ya pembeni mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Tabu ni kwamba sikuwa wa kwanza kuyasoma. Janvier alikuwa anapiga kelele kabla hajazima pikipiki: “Sifa! Anasema alikosa usingizi! Bila sababu!” Na dukani watu wakicheka. Barua ya karatasi ilikuwa mali ya barabara nzima, na Bonane alilijua hilo.

Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kila mashine iliposema inakosa kitu. Juma moja haikukosa kitu chochote, nikaingiwa na hofu, nikaagiza mchezo wa chess, mimi nisiyejua hata farasi anatembeaje. Siku nyingine alipita mgeni mmoja wa padri, mzungu, na kompyuta yake ya Mac. Alitaka kuchapa ukurasa mmoja. Nikamwandalia CD ya printa, akasema haihitaji. Akachomeka waya, ikachapa. Akatuonyesha kwamba hata programu mpya anaiburuta kwa kidole tu na kuiacha ndani ya folda, basi. Alipoondoka Papa Muhindo akasema, “Sasa kama machine inajifanyia yote, mwenye machine ye anafanyaka nini?” Mimi nilimwonea yule mgeni huruma. Niliona kwamba mzungu yule hakuwa na mtu wa kumwandikia karatasi.

Alasiri moja nilisikia kupitia mbao Mama Muhindo akizungumza na mama mmoja wa Karuba aliyekuja kununua sabuni. “Ule mutoto wa Kingi anatumaka flash kila juma. Muntu anatuma flash kila juma juu ya kompyuta tu?” Yule mama akasema, “Basi aseme.” Na Mama Muhindo, kwa ule uhakika wake: “Atasema. Bale banaume ba Kingi banakawiaka.” Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi na sikuandika herufi moja mpaka walipohamia kwenye habari za mvua ya mawe. Tangu siku ile nilingoja aseme. Kila Jumatano, siku ya soko, Janvier alipokaribia nilisimama dirishani, na kila Jumatano nilitazama kwanza pembeni mwa karatasi.

Jumatano yenyewe ilikuja mwezi wa sita. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka dosye, yale majalada ya wanafunzi wa mtihani wa taifa, na wazazi walijaa chumbani hadi nje, kila mmoja na picha za mtoto wake mkononi, kila mmoja wa kwanza kufika. Janvier alikuja akiwa na haraka, ana mgonjwa wa kurudisha Walikale. “Nakupatia nusu saa tu, dada.” Pembeni mwa karatasi hapakuwa na neno, nikaumia kidogo. Nilikuwa nimeagiza pakiti saba. Ndani ya flash zilikuwemo nane. Niliweka ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikaingia, na ya saba ilipoingia programu ya mialiko ikafunguka. Miezi mitano, na sasa ukurasa mweupe ulikuwa mbele yangu, tayari. Nilipiga kelele, na baba mmoja nyuma yangu akauliza kama mtoto wake amefaulu. Ikabaki ya nane. Iliitwa libkingi. Nilikuwa nimekwisha kuona majina ya ajabu yote ya dunia, libpango, libxine, libnini, na jina hilo halikunishtua. Mimi niliyeweza kutembea hadi Kingi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Nikaibofya. Mashine ikasema, kwa Kifaransa chake cha ofisini, kwamba hii si archive halali, yaani si pakiti ya kweli. Nikabofya tena. Ikarudia. Kuifungua na éditeur kungenichukua muda wa kupiga chafya mbili. Lakini mama mmoja alikuwa amenishika bega akidai picha zake, Janvier anapiga honi, na mkono wangu ulikuwa umezoea. Nikaandika libkingi chini ya orodha, nikapiga msalaba mbele yake, nikaosha flash, nikakimbia nje nikampa. “Umwambie programu imefunguka!” nilipaza sauti. “Umwambie aksanti sana!” Janvier aliyafikisha yote kama yalivyo, karatasi na maneno.

Baada ya hapo zilikuja flash mbili zaidi, pakiti zimekamilika, pembeni pamekauka. Halafu Janvier akafika mikono mitupu, akaniambia Bonane amehamishwa Kisangani. Sikulia mbele ya watu. Nilijieleza kwamba kumbe yalikuwa mambo ya kompyuta kweli, na kwamba kazi ilipokwisha naye amekwisha, na nilimchukia kwa hilo miaka miwili mizima. Kwa programu ile nilipanga mialiko ya harusi ya nusu ya Masisi, na wa kwangu pia. Mume wangu ni mtu mwema na sina neno juu yake. Ninayoyaandika hapa hayamwondolei chochote, naye anajua kwamba nayaandika. Lakini natamani. Hilo siwezi kulificha kwenye kitabu changu mwenyewe. Naitamani meza ile yenye karatasi zilizoharibika, na tope kwenye mpira wa flash, na kuogopa Jumatano. Joyeuse, mtoto wangu wa kwanza, na wadogo zake wananiuliza kwa nini nagombana na simu inapojisasisha, na wao hawaoni ubaya wa kitu kuwa rahisi. Hakuna ubaya. Ni kwamba mimi nilijifunza kupenda kwa njia ya kitu kigumu, na njia hiyo imefungwa.

Kule kwenye matanga nilimwuliza Bonane barua ilisemaje. Nilidhani amesahau. Hakusahau. Aliniambia aliipa jina la pakiti ili Janvier asiisome kwa sauti njia nzima, na alijua nitaiona ni ya Kingi, nitacheka, nitaifungua tumbo. Ilikuwa mistari mitatu, akaisema akitazama viatu vyake. “Sifa, mu mwezi wa munane nitakuya na papa na baba mudogo kuzungumuza na benu. Kama unakubali, weka alama ya vizuri. Kama haupendi, weka musalaba, na sitakusumbua tena.” Nikamweleza yote: wazazi, honi, mama wa picha, mashine iliyosema si archive. Alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. “Haukufungua na éditeur?” Sikufungua. “Nilikufundisha.” Ulinifundisha, nikasema.

Mke wake alikuja na sahani za wali na maharagwe, mwanamke mpole wa uso mrefu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akanipa pole ya msiba, akaendelea kwa wazee. Bonane alimsindikiza kwa macho. Halafu akauliza polepole, “Na kama ungelifungua?” Yapo majibu ya adabu kwa swali la namna hiyo, na mtu wa umri wangu anayajua yote. “Ningeweka ya vizuri,” nilimwambia. “Ile ile siku, na bazazi bote banasimama pale. Nisingemaliza hata kusoma.” Watu walikuwa wanaanza kuimba tena. Tangu alipokaa karibu nami alikuwa akiniita Sifa. Sasa akainuka, akaniinamia kidogo kama unavyomuaga mke wa mtu, akasema, “Aksanti, Mama Joyeuse,” akachukua kiti chake, akaenda kukaa kando ya mke wake.